Daftari la Fidia

Tungaraza alihama usiku, chumba cha uani, Gungu,
kodi ya miezi mitatu ikiwa shingoni mwake:
elfu arobaini mara tatu, piga hesabu mwenyewe.
Aliacha ndoo iliyotoboka, kalenda ya mwaka juzi,
na mbwa jike mwekundu, masikio kama bahasha zilizofunguliwa.
Nikamwita Fidia.
Nilidhani nimeshika rehani.
Kumbe nimefungua duka lisilo na wateja.

Mimi ni mtu wa daftari. Miaka ishirini na miwili
nimehesabu madumu ya mawese ya watu wengine;
siwezi kulisha kitu bila kukichorea mstari.
Basi nikagawa ukurasa: kushoto tarehe, kulia maumivu.

Chenga za dagaa. Hizo zina kalenda yao.
Giza likiwa nene, wavuvi wakashusha taa ziwani,
pale Kibirizi kopo ni elfu moja, na mpimaji hupima kwa moyo mweupe.
Mwezi ukijaa, dagaa wamepata taa ya bure:
kopo elfu mbili na nusu, kidole gumba cha muuzaji kimo ndani.
Nimejifunza kuchungulia mbingu kama anayesubiri kufunga,
na si ibada, ni tumbo la mbwa.
Mwandamo nanunua debe, naanika, nakaza kiroba;
mwezi mpevu nafungua, kwa mkono wa bahili.

Dawa ya minyoo, kila miezi mitatu.
Dawa ya kupe, mvua zikianza, na zikikataa kwisha.
Chanjo mara moja kwa mwaka, na Daktari Ruhaga hakopeshi:
"Mama Bukuru, kichaa hakingoji mshahara."
Nikaanza kutia mia tano kila Jumapili
katika kopo la maziwa ya unga,
nimeliandika KICHAA kwa wino mzito.
Mgeni akiliona anacheka. Acheke.

Ila zipo gharama zisizobisha hodi:
jogoo wa Nyamweru, ambaye, kwa maneno ya Nyamweru,
alikuwa tegemeo la mitetea sita. Elfu kumi na nane.
Mnyororo uliokatika. Sufuria yangu ya pilau.
Usiku ule alipokwamwa na mfupa, bodaboda hadi Katubuka,
yeye katikati yetu, kaviringishwa kanga yangu,
hakuna aliyesema neno,
dereva akatoza abiria wawili.

Kila mwisho wa mwezi namsomea jumla yake kwa sauti.
Anapiga mkia chini, ta, ta, ta,
kama karani anayegonga mhuri.

Mwezi wa kumi na nne simu ikalia: muamala.
Laki na ishirini, jina Tungaraza.
Kisha ujumbe: Mama, nisamehe kwa yote.
Jumamosi nakuja kumchukua mbwa wangu.

Nikawasha taa. Nikafungua daftari.
Sijapata kujumlisha kwa bidii kama ile.
Chenga zote nikazipiga bei ya mwezi mpevu.
Jogoo wa Nyamweru nikamfufua, akaliwa tena.
Sufuria ikarudi mpya, ikapata na mfuniko.
Ulinzi wa usiku ulistahili upande wa pili;
hapo nikageuza ukurasa haraka.
Laki nne na elfu sabini. Nikapiga picha, nikatuma.

Alama mbili za buluu. Kimya.
Halafu: Mama, hiyo si ningenunua mbuzi watano?
Nikajibu: Ungenunua.
Kimya kirefu zaidi.
Basi akae. Msalimie.

Sikumsalimia. Salamu hazina safu yake humu.
Ile laki na ishirini haikuwa na pa kukaa;
siku tatu nimeizungusha kurasa kwa kurasa,
mwisho nimeiandika: Fidia, akiba, mwezi mpevu.
Leo mwezi una siku kumi. Bei imeanza kupanda.
Yeye amelala juu ya kiroba, ndani yamebaki makopo sita
ninayotaka kuyahesabu upya.
Namwambia asogee.
Hasogei.